Vijana wangu wa Mwanza wamekubali kila kitu. Kipimo ni kibovu?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu unalinganisha maadili ya vijana wa Mwanza na ya vijana wa Ujerumani. Nilichukua dodoso la Schwartz la sentensi 21, lile linalotumika Ulaya, nikalitafsiri mwenyewe, nikawahoji vijana zaidi ya mia mbili, wengine wa vyuo na wengine wa mitaani. Data za Ujerumani nilizipakua bure. Matokeo yamenichanganya. Vijana wangu wamewapita Wajerumani karibu kila mahali: mila, usalama, ukarimu, starehe. Wajerumani wameongoza kwenye utajiri na madaraka tu. Tena vijana wangu wako juu kwenye kujitegemea na papo hapo wako juu kwenye utii, wakati nadharia inasema hivyo viwili vinapingana. Alfa ya kujitegemea, ile namba inayoonyesha kama sentensi za jambo moja zinakwenda pamoja, haifiki hata 0.5. Msimamizi wangu anasema watu wetu wana tabia ya kukubali kila kitu. Rafiki yangu anasema vipimo vya wazungu havituhusu, bora nikusanye methali nichambue. Nitupe data? Na hivi kweli inawezekana kupima maadili ya watu wa tamaduni tofauti kwa rula moja?"

Marahaba, mwanangu. Data usitupe, hata karatasi moja. Ila kabla hatujaingia kwenye falsafa, fungua faili la Ujerumani kwanza, maana kuna sentensi moja katika barua yako iliyonishtua: ile ya Wajerumani kuongoza kwenye utajiri na madaraka. Aliyewahi kushika data zile anajua kwamba Wajerumani, kama majirani zao wengi, huviweka hivyo viwili karibu na mkia. Ukiona wa mkiani amekuwa kinara, shuku kwamba orodha imepinduliwa.

Katika Utafiti wa Kijamii wa Ulaya, unaouliza sentensi hizo 21 tangu mwaka 2002, jibu "anafanana nami sana" limepewa namba 1, na "hafanani nami hata kidogo" ni 6. Kule namba ndogo ndiyo kukubali kukubwa. Nadhani wewe, kwa mantiki ya kawaida ya mtu wa huku, ulimpa 6 yule anayefanana sana. Kama ndivyo, Mjerumani aliyesema ukarimu ni muhimu sana kwake wewe umemsoma kama mtu asiyejali, na aliyesema madaraka si kitu kwake umemsoma kama mwenye uchu wa cheo. Dawa yake ni ya dakika mbili: kwenye faili lao, toa kila namba kutoka 7, ili 1 iwe 6, na 2 iwe 5, na kuendelea. Hakikisha pia kwamba 7, 8 na 9, ambazo ni alama za kukataa kujibu, za sijui na za kukosekana kwa jibu, hazijaingia kwenye wastani. Na usione haya. Nimeshaketi kwenye meza ya kutahini tasnifu ambayo sura nzima ya mjadala ilikuwa imejengwa juu ya skeli iliyopinduliwa, na wasimamizi wawili walikuwa wameshaipitisha.

Baada ya kugeuza, picha itatulia kiasi, lakini sitarajii itulie yote. Naamini bado utakuta vijana wako wako juu kwenye mambo mengi, na kujitegemea kwako bado kutakuwa kumekaa na utii kwenye mkeka mmoja. Hapo ndipo swali lako la kweli linapoanzia.

Nianze na rafiki yako, kwa sababu hoja yake ina nusu ya ukweli. Shalom Schwartz, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, alitoa nadharia yake ya tunu 10 (hizo wewe unaziita maadili) mwaka 1992, akitumia data za nchi 20. Dodoso lake la kwanza lilikuwa orodha ya maneno mazito, neno likifuatiwa na maelezo mafupi, na mhojiwa alitakiwa kulipa kila moja namba kuanzia hasi 1 mpaka 7. Jaribu kumwekea hilo mama anayeuza dagaa Kirumba: "usawa", "nguvu ya kijamii", "maisha ya kiroho", haya, toa namba. Katika baadhi ya sampuli za Afrika kusini mwa Sahara, na kwingineko, mpangilio wa nadharia haukuonekana. Kulikuwa na njia mbili: kusema Waafrika hawana mpangilio wa tunu, au kusema dodoso ni gumu mno kwa mtu asiyekaa shuleni miaka mingi. Schwartz na wenzake walichukua ya pili. Wakaandika dodoso jipya, lenye sentensi fupi zinazomweleza mtu fulani, kisha mhojiwa anaulizwa: mtu huyu anafanana nawe kiasi gani? Walipochapisha matokeo yake mwaka 2001, miongoni mwa waliopimwa walikuwamo wasichana wa Uganda wa miaka 13 na 14, pamoja na watu wazima wa Afrika Kusini na Italia. Safari hii mpangilio ulionekana.

Kwa hiyo hicho ulichonacho mkononi, ambacho rafiki yako anakiita cha wazungu, kilizaliwa kwa sehemu kwa sababu cha kwanza kilikwama huku kwetu. Hilo halikifanyi kuwa chetu. Lakini linaonyesha kwamba kipimo kikikwama huweza kutengenezwa, na anayejua kilipokwama ni yule aliyekaa na wahojiwa. Yaani wewe.

Sasa msimamizi wako. Kwamba watu wanakubali kila kitu, ni kweli lipo. Kwamba ni "tabia ya watu wetu", hapo namuomba radhi, simfuati. Tazama sisi wenyewe tunavyosalimiana. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Watoto?" "Wazima." Kisha, baada ya pumzi moja: "Ila yule mdogo analazwa leo." Jibu la kwanza ni la adabu, la pili ndilo la habari. Dodoso husikiliza la kwanza tu, likaandika, likageuza ukurasa. Mgeni amekuja na karatasi, amekaa kwenye kiti chako, anakusomea sentensi za mtu mwema mwenye bidii. Kumwambia "hafanani nami hata kidogo" ni kama kumrudishia chai. Na tena hujui ametumwa na nani. Watafiti wa Afrobarometer, wanaopima maoni ya wananchi katika nchi za Afrika, wana desturi nzuri ya kumuuliza mhojiwa mwishoni anadhani nani aliyewatuma, na wako wengi wanaosema ni serikali, hata baada ya kuelezwa vinginevyo mwanzoni.

Basi kukubali-kubali huongezeka pale mhojiwa asipokuwa na mazoea ya madodoso, pale swali linaposomwa kwa sauti na mtu anayeheshimika, pale sentensi inapokuwa nzuri mno kuikataa. Hayo yapo Mwanza na yapo kijijini Ureno. Wewe una bahati: una wa vyuo na wa mitaani. Watenganishe. Kama wa mitaani, uliowasomea mwenyewe, wamejaza 6 nyingi kuliko wa vyuo waliojaza karatasi wenyewe, umeanza kuona kwamba kinachoongea hapo ni mazingira ya kuulizwa kuliko utamaduni wa Mwanza.

Namna ya kulirekebisha ni rahisi kuieleza kwa mtu aliyewahi kununua mahindi kwa gunia. Unajua lumbesa. Gunia moja limejazwa likafungwa mdomoni, lingine limepandishwa mpaka limeota kichwa juu, na yote mawili yanaitwa gunia. Ukilinganisha gunia kwa gunia umeliwa. Sasa kila mhojiwa ana lumbesa yake: mmoja hugawa 5 na 6 kwa kila sentensi, mwingine hubana, 3 na 4. Schwartz mwenyewe huwaonya watumiaji wasilinganishe namba ghafi. Chukua wastani wa majibu yote 21 ya mtu mmoja, kisha utoe kwenye kila tunu yake. Kinachobaki ni kipaumbele chake: lipi kwake liko juu ya mengine.

Nikutungie mfano ili uione hesabu. Kijana wa Mwanza ana wastani wa 5.3, kujali walio karibu naye amekupa 5.9, madaraka 4.6. Mjerumani ana wastani wa 4.2, kujali amekupa 4.9, madaraka 3.4. Kwa namba ghafi utaandika kwamba vijana wa Mwanza wanapenda madaraka kuliko Wajerumani, 4.6 dhidi ya 3.4, na gazeti litakunukuu. Ukitoa lumbesa ya kila mmoja, wa Mwanza ana 0.6 juu na 0.7 chini, Mjerumani 0.7 juu na 0.8 chini. Wanakaribia kuwa pacha.

Kuna gharama, na sitakuficha. Baada ya kutoa, tunu zote za mtu zikijumlishwa hurudi karibu na sifuri, kwa hiyo usizitumbukize zote 10 kwenye modeli moja ya regresheni, ile hesabu ya kutafuta kipi kinaendana na kipi. Zitagombana na utapata namba za ajabu. Pia kama kweli kuna mtu ambaye mambo yote ya maisha ni mazito kwake, hesabu hii inamnyang'anya uzito huo na kumwita mwenye kukubali-kubali. Mimi naikubali gharama hiyo katika kazi kama yako. Wako wenzangu wasioikubali, na hoja zao si za kubeza.

Tumemaliza hesabu. Sasa twende kwenye neno lako, kujitegemea, maana kama ningekuwa wewe ningeipeleka tasnifu yote huko.

Miaka ya nyuma nilikuwa nahoji Ujiji, kule Kigoma. Mzee mmoja mvuvi, karabai zake zimepangwa ukutani, nilimsomea sentensi ya mtu anayeona ni muhimu kujitegemea, asimtegemee mwingine. Hakunisubiri nimalize. "Sana! Hicho ndicho tulichofundishwa. Unaiona zahanati ile? Msingi tulichimba wenyewe, kila nyumba ilitoa mtu." Nikaandika 6. Kalamu ikasita. Nikamuuliza, je, kijana wako akiamua mwenyewe wapi akaishi na nani amuoe, asikuulize? Akanitazama kama niliyekosa malezi. "Huyo hajitegemei. Huyo amejitenga."

Lile swali lilikusudiwa kumpata yule yule aliyeitwa amejitenga. Katika mduara wa Schwartz, ambamo tunu zinazofanana hukaa jirani na zinazopingana hutazamana, tunu hiyo ni ya mtu mmoja mmoja kufikiri na kuamua kivyake, na inakaa upande unaotazamana na utii na mila. Lakini neno tulilolitumia limepita Azimio la Arusha la mwaka 1967, Ujamaa na Kujitegemea, likapita shuleni kwenye Elimu ya Kujitegemea, na bustani, na mabanda ya kuku. Kwa Mtanzania wa umri fulani, kujitegemea ni sisi kutomtegemea wa nje. Ni tunu ya pamoja, na haina ugomvi wowote na kumtii mwenyekiti wa kijiji. Vijana wako hawakuishi enzi hizo, lakini lugha waliyorithi iliishi. Kwao pengine kuna maana ya tatu: kujitegemea ni kuhama kwa wazazi, kujilipia kodi, kutowaomba vocha. Hapo tena ni uchumi.

Kwa hiyo vijana wako hawajajikanganya. Wameulizwa jambo ambalo hukujua umewauliza, wakajibu sawasawa.

Na hiyo alfa iliyokunyima usingizi, ipunguzie heshima. Dodoso la sentensi 21 lina sentensi mbili mbili tu kwa tunu, isipokuwa ile ya kuwajali watu wote na mazingira yenye tatu. Kwenye kujitegemea, moja inahusu ubunifu na nyingine inahusu kujiamulia. Mambo mawili yaliyotengana namna hiyo hayawezi kutoa alfa kubwa, na hata Ulaya alfa za dodoso hili huwa ndogo. Ndogo peke yake haikuui. Kinachoua ni sentensi mbili ambazo kila moja imesikika kama inaongelea dunia nyingine.

Likague neno lingine pia, starehe. Pwani, ukimwambia mtu starehe, umemwambia kwa adabu asijisumbue, akae alipo. Bara, mtu wa starehe anajulikana anapatikana wapi Ijumaa usiku. Schwartz alikusudia raha ya kawaida ya nafsi, kujiburudisha, kujipendelea kidogo. Ukiweka "starehe" unaweza kupata jibu la kidini. Ukiweka "kufurahia maisha" unapata 6 kwa kila mtu, maana nani asiyetaka kufurahia maisha? Sina neno moja la kukupa. Mimi huandika "kujipa raha" na bado sijaridhika nalo.

Na lile neno kuu, maadili. Umelitumia kwenye kichwa cha utafiti, na kama umelitumia kwenye utangulizi wa dodoso, umewaambia wahojiwa kabla ya swali la kwanza kwamba unapima tabia njema. Mtu akisikia maadili anasikia mmomonyoko wa maadili, mavazi, vijana wa siku hizi. Atajibu kama aliyesimama mbele ya sheikh au mchungaji. Mimi nimehamia kwenye tunu, kitu unachokithamini na kukitunza. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 iliorodhesha tunu za taifa saba: utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji na lugha ya taifa. Ona kwamba uadilifu umo ndani ya tunu kama moja kati ya saba. Wenzetu wa Kenya husema maadili ya kitaifa na wanaelewana. Ukipeleka dodoso Kisumu, rudi uulize upya.

Kwa haki, Kiswahili nacho kimekurahisishia. Dodoso hili kwa lugha nyingi lina matoleo mawili, la wanaume na la wanawake, kwa sababu ya kiwakilishi. Yeye wetu hana jinsia, toleo moja linatosha. Ila "mtu huyu" ana balaa lake. Kijana mmoja, tulipofika kama sentensi ya 12, alinikatiza: "Huyu mtu wenu ni nani? Mara anapenda mila, mara anapenda vituko, mara anataka utajiri. Hana msimamo." Alidhani zote zinamweleza mtu mmoja! Tangu siku hiyo husema mwanzoni kwamba hawa ni watu mbalimbali, na kila sentensi naianza na "mtu mwingine". Wahojiwa wako waliambiwa hilo? Kama hawakuambiwa, usishangae jibu lisilobadilika: walikuwa wanamhukumu mtu mmoja kwa ujumla.

Tahadhari nyingine ndogo, kwa siku utakapotunga maswali yako mwenyewe: epuka maswali ya kukanusha. Kwetu ukiuliza "Huoni kwamba vijana wanapaswa kutii?" na mtu akasema "Ndiyo", anaweza kuwa anakubali kwamba haoni. Mhojaji mmoja ataandika hivi, mwenzake ataandika vile, na hakuna programu ya takwimu itakayokuokoa.

Je, rula moja inawezekana? Wapimaji huuliza mambo matatu, kwa zamu. La kwanza: je, chombo kina umbo lile lile kila mahali, yaani sentensi zile zile zinakaa pamoja? La pili: ukiongeza kitu kidogo ndani, kinapanda kwa kiasi kile kile kila mahali? La tatu: kikiwa kitupu, kinasoma sifuri ile ile? Ukipita la kwanza na la pili, unaweza kulinganisha uhusiano wa mambo: mathalani, kama wanaothamini mila ndio wanaokwenda ibadani zaidi, Mwanza na Ujerumani. Kulinganisha wastani kwa wastani kunadai la tatu. Na hapa ndipo penye kutuliza moyo: Davidov, Schmidt na Schwartz walipoipima data ya nchi 20 za Utafiti wa Kijamii wa Ulaya, wakachapisha mwaka 2008, walipita hatua mbili na kukwama ya tatu. Tena tunu 10 hazikutengana zote. Ilibidi nyingine ziunganishwe, zikabaki 7. Hiyo ni Ulaya kwa Ulaya, kwa watafsiri wa kulipwa. Wewe ulitafsiri peke yako, pengine usiku.

Watu wengi hawaulizi hata la kwanza. Utaziona mtandaoni alama za Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi wa tamaduni, nchi kwa nchi, zenye rangi nzuri. Kitabu chake cha mwaka 1980 kilitokana na dodoso za wafanyakazi wa kampuni ya IBM, zaidi ya 116,000, zilizokusanywa kati ya mwaka 1967 na 1973. Baadaye alipoongeza nchi, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia alizijumlisha kuwa eneo moja, "Afrika Mashariki", na likapewa alama 27 za ubinafsi wa mtu mmoja mmoja. Wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta wa nchi nne, wa miaka ile! Mtu anakuja kunifundisha utamaduni wa Msukuma kwa 27 hiyo.

Au chukua Utafiti wa Tunu wa Dunia, ulioanza mwaka 1981 na kukuzwa na Ronald Inglehart. Tanzania iliingia mwaka 2001, ikatoa kioja ambacho wachumi bado wanakitaja: kwenye swali la furaha ilikuwa miongoni mwa za juu duniani, na kwenye swali la kuridhika na maisha ikawa miongoni mwa za chini kabisa. Wengine walihisi kosa la tafsiri. Inawezekana. Lakini mimi nikiulizwa kwa Kiswahili kama nina furaha, nasikia swali la hali ya moyo, karibu na salamu. Nitasema ninayo, Mungu ni mwema. Nikiulizwa kama nimeridhika, nawaza ada ya shule, paa linalovuja. Utafiti huo huo huuliza kama watu wengi wanaaminika. "Watu wengi" ni nani? Delhey, Newton na Welzel walionyesha mwaka 2011 kwamba katika baadhi ya nchi, China ikiwemo, wahojiwa walikuwa wakiwawaza zaidi watu wao wa karibu, wakati kwingine walimwaza mgeni.

Pamoja na yote hayo, siungani na wanaosema basi tamaduni hazilinganishiki. Fischer na Schwartz walikusanya mwaka 2011 data za madodoso matatu tofauti kutoka nchi nyingi, wakakuta watu wa nchi mbalimbali wanakubaliana kuhusu kilicho muhimu kuliko wanavyotofautiana. Ni tunu za utii na kufuata taratibu tu zilizoonekana kubeba sura ya nchi kwa nguvu. Ukiona jedwali linaloonyesha Mwafrika na Mzungu ni mbingu na ardhi kwa kila kitu, anza na kushuku jedwali.

Methali za rafiki yako, zikusanye kwa mapenzi, lakini hazitakujibia swali hili. Tunasema mwacha mila ni mtumwa, na tunasema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Methali ni kabati la hoja. Mtu hufungua anapotaka kushinda mabishano. Haikuambii kijana wa Nyamagana anaishi kwa ipi.

Njia ninayoipenda zaidi ya kusaidia dodoso ni michezo yenye fedha halisi. Joseph Henrich na wenzake waliipeleka kwenye jamii ndogo 15, wakiwemo Wahadza na Wasangu wa Tanzania na Waorma wa Kenya. Mmoja anapewa fedha amgawie mwenzake asiyemjua. Mwenzake akikataa, wote wanakosa. Wastani wa kilichotolewa ulianzia asilimia 26 kwa Wamachiguenga wa Peru mpaka 58 kwa wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia. Lakini kisa cha Waorma ndicho kinachokuhusu. Jean Ensminger alipowapa mchezo mwingine, wa kuchangia mfuko wa pamoja, walioucheza wakausema mara moja: hii ni harambee. Wakacheza kama watu wa harambee. Mtafiti alileta mchezo wa kubuni usio na nchi, wenyewe wakaupa makao. Hakuna kipimo kitakachofika Mwanza kisipewe jina na wenyeji.

Sasa la kufanya. Geuza skeli ya Ujerumani, chukua vijana wa rika lile lile tu kutoka faili lao, maana lao ni la watu wa kuanzia miaka 15 na kuendelea, hata wazee, na limetoka kwenye sampuli ya bahati nasibu ya nchi nzima, wakati lako ni la waliokubali kukaa nawe. Hilo liandike waziwazi kwenye tasnifu. Toa lumbesa ya kila mtu. Kisha linganisha mpangilio, yaani kipi cha kwanza, kipi cha mwisho. Usiandike kwamba Mwanza wamepata zaidi ya Ujerumani katika lolote.

Halafu rudi mtaani na watu kumi tu. Wasomee sentensi tano zilizokusumbua, ukianza na kujitegemea, uulize: umeielewaje? Nipe mfano wa mtu kama huyo hapa mtaani. Unamsifu au unamsema? Andika maneno yao kama yalivyo. Mpe pia mtu mwingine, asiyeliona dodoso la Kiingereza, alirudishe lako kwa Kiingereza. Utacheka, kisha utaumia. Ukitaka kuongeza sentensi yako, kwa mfano "mtu mwingine huamua mwenyewe mambo yake hata wakubwa wake wakiona vingine", iongeze kando, usiondoe ya zamani. Ujue tu kwamba umeshatia ubishi ndani ya sentensi, na wa Ujerumani hawakuulizwa ubishi huo.

Ya hapa ninaweza kukueleza kwa maandishi. Yale majaribio ya hatua tatu usiyafanye kwa kufuata video. Kaa na mtakwimu wa chuo chako, mkiwa na faili wazi mbele yenu, kwa sababu kuna maamuzi kila hatua na sampuli yako ni ndogo. Kwa tafsiri, tafuta mtu wa isimu, kama wale wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kabla ya kurudi mtaani muulize msimamizi kama kibali chako kinakuruhusu kuhoji upya. Msimamizi mwenyewe mwendee na lile jedwali lililogeuzwa, siyo na barua yangu. Itamrahisishia kubadili mawazo.

Hao kumi ukishawahoji, niandikie walichosema kuhusu kujitegemea. Nina cha mzee wa Ujiji, ila yule nilimhoji kabla wewe hujazaliwa, na sijui kama mjukuu wake angeona tofauti kati ya kujitegemea na kujitenga.